Nyuzi za Chini za Gadulka

Chambo cha tatu kilikwenda na maji Alhamisi asubuhi, na Trayanka akatoa tusi ambalo marehemu mama yake angelisikia angefufuka aje ampige kofi. Alikuwa amesimama ndani ya mawimbi mpaka magotini, na mabuti yake marefu ya mpira, fimbo ya kuvulia mkononi, na mbele yake Bahari Nyeusi imetulia kama mtu asiyejua lolote. Akauvuta mshipi mtupu hadi mwisho, akaishika ncha yake. Ilikuwa imekatwa safi, kama kwa mkasi wa fundi cherehani.

"Amekuachia nini leo, dada?" Stamat akapaza sauti kutoka kwenye ndoo aliyoifudikiza mchangani na kuikalia.

"Ameniachia salamu zako!"

Huyu Stamat alikuwa jirani yake, mpishi wa meli aliyestaafu, mwenye tumbo la heshima na mdomo usio na breki. Kila vuli, lefa wanapopita karibu na ufuko wakiwafukuza dagaa, wawili hao husimama pale chini ya kijiji cha Chernonos, wakitupa vyambo vya bandia majini na kutupiana maneno nchi kavu.

Lefa, kama humjui, ni samaki wa kama mkono mpaka kiwiko, mgongo wa rangi ya chuma, na meno madogo yaliyopangana kama ya msumeno. Hana adabu hata kidogo. Samaki wengine humeza chambo, yeye hukikata. Na ukibahatika kumnasa mmoja, mwenzake wa nyuma anaona kitu kinametameta juu ya mshipi, anadhani ni dagaa, anafunga taya, basi: chambo chako na samaki wako vyote vimekwenda zao. Lakini nyama yake sasa! Ichomwe juu ya makaa na chumvi tu, hata aliyefiwa ataomba kipande cha pili.

Hata hivyo kilichomwuma Trayanka si chambo. Kilichomwuma ni Jumapili.

Jumapili ile wakwe walikuwa waje kwa mara ya kwanza. Mwanawe wa pekee, Yavor, alikuwa amemposa Ralitsa, binti wa watu wa milimani, upande wa Kotel, na wazazi wa binti walitaka kuiona nyumba atakayoingia mtoto wao. Hilo ni haki yao, nani atalikataa? Balaa lilianzia kwenye simu. Baba wa binti, Bwana Kuncho, alipiga kujitambulisha, na sauti yake ikajaa jiko zima.

"Sasa, mkwe wangu," alisema, "sisi tutakuja na nyama yetu kwenye gari, msijisumbue. Nasikia nyinyi watu wa bahari siku hizi mnakula samaki wa kopo kama sisi tu, ha ha!"

Mtu mwingine angecheka yakaisha. Trayanka hakuumbwa hivyo. "Njoo na meno yako tu, Bwana Kuncho," akamjibu. "Utakula lefa niliyemtoa majini kwa mkono wangu huu. Nikishindwa, mchukue binti yako mrudi naye."

"Umesema mwenyewe! Dobra, umemsikia? Kasema mwenyewe!"

Yavor, aliyekuwa amekaa pale pale mezani, alijishika kichwa. "Mama, jamani! Mchumba wangu unamweka rehani kwa samaki?"

Ulikuwa mzaha, ndiyo. Lakini Kuncho alisikika ni mmoja wa wale watu ambao mzaha kwao haufi. Angeurudia mezani, angeurudia kwenye harusi, angeurudia kwenye ubatizo wa wajukuu, na kila mara Ralitsa angeinamisha macho na Yavor angecheka kicheko cha kujilazimisha. Ahadi ni deni, hata ya mdomo mrefu. Na sasa sandukuni kilibaki chambo kimoja.

Kimoja tu! Kipande cha bati jeupe chenye umbo la dagaa, kirefu kama kidole cha kati. Vya mpira alikuwa navyo tele, lakini kumtupia lefa samaki wa mpira ni kumtupia mbwa soksi. Unarudishiwa kichwa, mkia umetafunwa.

Na mtu asidhani Trayanka hakujitahidi kujikinga. Alianza na nailoni nene, lefa akaikata. Akaifunga mara mbili. Lefa akaikata mara mbili. Stamat akamwazima waya wa dukani, mgumu, mnene kama wa kuanikia nguo. Huo haukukatwa, maana hakuna aliyeusogelea. Upepo ulikuwa umekufa, maji yamekuwa maangavu kama ya glasi, na lefa walikuja wakautazama ule waya, wakageuza mikia. Waya mwembamba ulipatikana kwa fundi mmoja tu mjini Burgas, na fundi alikuwa amefunga duka kwenda kuvuna zabibu kwao. Vibanda vya pale kijijini vilifungwa tangu watalii walipoondoka. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

"Chuma chembamba, dada, hakuna dawa nyingine," alisema Stamat, akimsogelea na ndoo yake. "Kiasi cha shibiri moja kati ya mshipi na chambo. Marehemu baba yangu alikuwa akitumia uzi wa mandolini. Chuma kitupu, na ndani ya maji hauonekani."

"Na mandolini ilikuwa ya nani?"

"Ya mama. Ndiyo maana msimu wa lefa baba alikuwa halali nyumbani."

Trayanka akacheka mpaka akakaribia kuanguka na wimbi.

"Na hiyo pete yako ya shaba, hapo mshipi unapokutana na waya, ipake masizi ya mshumaa," Stamat akaendelea. "Inang'aa mno. Ndiyo inayomwita yule wa pili aje akate. Na ndoana ya mbele itoe, uache moja ya mkiani. Lefa huanzia mkiani."

"Hilo la ndoana nalijua tangu wewe hujaota kitambi."

"Basi ungelifanya, tusingekuwa tunalilia vyambo vitatu," akasema Stamat, na Trayanka akaanza kuifungua ndoana ya mbele.

Nyumbani, ua mzima ulinukia pilipili hoho. Valko, mumewe, alikuwa amekaa mbele ya moto akizibabua hoho nyekundu kwa ajili ya lyutenitsa, ule mchuzi mzito wanaoupaka kwenye mkate majira ya baridi yote. Alimtazama mkewe, akatazama ndoo tupu, akasogeza kigoda ili naye akae penye joto. Valko alikuwa mtu wa reli aliyestaafu, na maneno aliyatumia kama mtu anayelipia kila moja.

Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa Valko ulikuwa gadulka. Ni fidla ya kwao ya zamani, ya mti wa mjozi, yenye umbo la mtungi uliopasuliwa katikati. Huisimamisha pajani na kuisugua kwa upinde. Ujanani aliipiga kwenye ngoma za kijiji. Halafu kazi, halafu mtoto, halafu uvivu, gadulka ikabaki kuning'inia ukutani sebuleni. Tangu Yavor alipoleta habari za uchumba, Valko alikuwa ameiteremsha. Kila jioni alijifungia akaupiga wimbo mmoja, ule wa kumpokea bibi harusi, tena na tena, mpaka kuku wakaujua.

"Mimi kuzungumza na wakwe sijui," alikuwa amemwambia Trayanka. "Nitawapigia. Watanielewa."

Kwa Valko hiyo ilikuwa hotuba.

Basi Ijumaa asubuhi, Valko akiwa uani na hoho zake, Trayanka aliingia sebuleni kufuta vumbi. Akaifuta meza, akaifuta redio, akafika kwenye gadulka, akasimama. Mawazo yalimjia pale pale, na aibu haikuwahi kuyatangulia mlangoni. Juu zilipita nyuzi tatu nene, hizo ndizo upinde huzisugua. Chini yake zilijipanga nyingine kumi na moja, nyembamba, za chuma, zinameta. Miaka yote ya ndoa alimwona Valko akipiga, na hakuna siku upinde wala kidole kilizigusa zile za chini.

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mwanamke mwenye akili zake alipoteleza. Trayanka alijua mengi. Alijua kusoma rangi ya maji, alijua kukanda unga, alijua kumnyamazisha diwani. Muziki hakuujua. Kwake yeye wimbo ulikuwa wa aina mbili: mrefu na mfupi. "Pambo," akajiambia. "Kama vile vifungo vya mikono ya koti. Vipo, havifungi kitu."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akainama, akalegeza kigingi kimoja, akachomoa uzi mmoja. Mmoja tu, wallahi, mmoja tu.

Ule wa kwanza ulivunjika alipoukunja kwa koleo. Alikuwa hajui kwamba chuma chembamba hakitaki kona, kinataka kuzungushwa polepole kwenye msumari kitoke kitanzi. Akarudi ukutani. Wa pili ulitoka vizuri, kitanzi huku, kitanzi kule, akaenda nao ufukweni Jumamosi alfajiri, pete ya shaba imepakwa masizi, ndoana moja mkiani. Akatupa. Kabla hajazungusha kigurudumu cha mshipi mara nne, fimbo ikapinda. Akamtoa lefa mmoja, mdogo, wa kutia aibu, lakini chambo kilirudi! Bati limekwaruzwa kila upande, waya mzima.

"Mzima, Stamat! Mzima!"

"Mzima lakini utazame," alisema Stamat. Waya ulikuwa umejikunja kama mkia wa nguruwe, na kila alipoutupa tena, chambo kilicheza vibaya na samaki wakakipuuza. "Kila samaki anataka waya wake mpya, dada. Baba yangu aliimaliza mandolini nzima kwa msimu mmoja."

Mnaona sasa? Mtu anayeonja chunguni kwa kijiko kimoja hujikuta anakombeleza. Jumamosi jioni Valko alipokwenda kuoga, Trayanka akarudi ukutani, akachomoa saba. Vigingi akavirudisha vilivyokuwa, gadulka akaigeuza kidogo upande wa dirishani. Kati ya zile kumi na moja zikabaki mbili. Usiku ule Valko hakufanya mazoezi, kama vile usiku wa Ijumaa. Alisema vidole vipumzike kwa ajili ya kesho.

Jumapili bahari iliamka na mwanga wa maziwa, na dagaa wakaanza kuruka karibu kabisa na mchanga, kwa hofu, vumbi la fedha. Nyuma yao maji yakachemka. Trayanka alitupa chambo ukingoni mwa ule mchemko, akakivuta haraka bila kupumzika, maana ukipumzika tu lefa anapata nafasi ya kukimeza mpaka juu ya waya. Fimbo ikapinda mpaka mkono ukamwuma. Akamburuta yule samaki juu ya mchanga, mnene, anapigapiga taya hewani. Akamkamata nyuma ya kichwa kwa tambara, akaichomoa ndoana kwa koleo, akafungua waya uliojikunja, akafunga mpya. Akatupa tena. Wa pili. Pembeni Stamat alikuwa anafoka, chake kimekatwa. Wa tatu. Trayanka alianza kuimba, na alikuwa haimbi vizuri.

"Nyamaza, utawatisha!" Stamat alilia.

"Wanaupenda! Tazama wanavyokuja!"

Mchemko ulipotulia, ndooni walilala lefa sita, mmoja kwa kila mtu mezani, na chambo kile kile kimoja kilining'inia kwenye fimbo, kimekwisha rangi, kimejaa alama za meno, kizima. Trayanka alikibusu. Ndiyo, alikibusu, na Stamat ni shahidi. Alikwea njia ya kurudi nyumbani akiwa amefurahi kiasi kwamba alimsalimu hata mama Penka wa posta, ambaye hawakuwa wakisalimiana naye.

Alisafisha samaki, akawatia chumvi, akaweka mkate jikoni uive, akaingia sebuleni na kitambaa chake kumalizia vumbi. Akaifuta redio. Akaifuta gadulka, na kama kawaida kitambaa kikagusa uzi mmoja wa juu.

Miaka yote gadulka ile ikiguswa ilikuwa inajibu. Ukiigusa kidogo tu, sauti inabaki chumbani ikivuma, ndefu, kana kwamba kuna watu wengine ndani ya ule mti wanaitikia. Trayanka alikuwa ameizoea hata akawa haisikii. Leo ilitoka sauti moja, kavu, ikaisha. Akaugusa tena. Kavu. Ikaisha.

Akaelewa. Walioitikia wote walikuwa wameliwa na lefa.

Akakaa kwenye kiti cha wageni. Ukutani upande wa pili, bafuni, Valko alikuwa ananyoa ndevu, na alikuwa anavumisha ule wimbo wa bibi harusi kwa pua. Valko! Mtu ambaye hakuwahi kusikika akivumisha kitu. Shati jeupe lilikuwa limetundikwa mlangoni, limepigwa pasi na yeye mwenyewe. "Ee Mungu," alisema Trayanka, "nimemkata mume wangu ulimi." Akainuka aende akamwambie sasa hivi, na hapo hapo honi ikalia langoni mara tatu, na sauti ya Kuncho ikauliza ulimwengu mzima kama hapa ndipo kwa wavuvi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Trayanka alichukua mkate, chumvi na asali, akatoka kuwapokea.

Kuncho alikuwa mkubwa kama sauti yake, na chupa ya rakia, ile pombe kali ya plamu, chini ya kila kwapa. Mkewe, Dobra, alikuwa mwembamba, mwenye koti jeusi na macho yanayotazama kila kitu mara mbili. Alimega mkate, akauchovya, akasema asante kwa sauti ndogo. Ralitsa alimkumbatia Trayanka kwa nguvu kuliko ilivyotarajiwa. Mikono ya Trayanka ilinuka samaki, na hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yake ndogo siku hiyo.

Walikaa uani chini ya mizabibu. Nyanya zikaja, jibini likaja, lyutenitsa mpya ikaja, rakia ikapita mezani, na Kuncho hakungoja.

"Mkwe, mimi sisahau. Yuko wapi? Au Ralitsa afungashe?"

Trayanka akaweka sinia katikati ya meza. Sita, wa kahawia, ngozi zimepasuka kwa moto, mafuta yanachuruzika. Kuncho akatazama, akavunja kipande kwa vidole, akala. Akavunja kingine. Ralitsa baadaye aliapa kwamba hajawahi kumwona babake amenyamaza hivyo ila kanisani.

"Nimeshindwa," akasema mwishowe, midomo inang'aa. "Binti abaki. Na mimi mnaweza kuniacha hapa hapa."

Meza nzima ikaangua kicheko. Yavor alimpiga mamake begani, macho yamemlowa kwa furaha. Hicho ndicho Trayanka alichokitaka, hicho hicho, na sasa kilikuwa kinapita kooni kama mfupa.

"Lakini nieleze siri," Kuncho akaendelea. "Yavor ananiambia huyu ana meno ya kukata nailoni. Wewe umemtoaje, tena sita?"

Kabla mtu hajamzuia, Yavor alikuwa ameileta fimbo kutoka ukutani. Kuncho akakishika kile chambo, akahesabu alama za meno kwa mshangao, kisha kidole chake kikapanda kwenye waya. "Lo! Mwembamba hivi? Huu ni waya gani, mkwe?"

Trayanka akalivuta sinia, akaanza kukusanya mifupa.

Valko alinyoosha mkono kutoka upande wa pili, akaupokea. Akaupitisha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, mara moja, kwenda na kurudi. Trayanka alimwona akisita. Mkono ule ulizikaza na kuzilegeza nyuzi hizo kila jioni tangu Agosti, ungezitambua gizani.

"Waya mzuri," alisema Valko. "Wa chuma."

Akamrudishia Kuncho, akafuta mikono, akainuka. "Nakuja."

Trayanka alimfuata kwa macho mpaka mlangoni. Alitamani kumkimbilia, lakini Dobra alikuwa anamwuliza kitu kuhusu mizabibu, na yeye akajibu kitu, hata leo hajui alijibu nini. Valko akarudi na gadulka. Alikaa kwenye kigoda chake, akaisimamisha pajani, akainamisha kichwa kuitazama. Zilikuwepo tatu za juu, na chini, mbili zilizobaki, na utupu. Alitazama kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Kisha akamtazama mkewe. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kukokotoa njia nyingine ya kufika nyumbani baada ya daraja kuvunjika.

Akaushika upinde, akapiga.

Sauti ilitoka nyembamba, kavu, bila ule mvumo wa kuifuata. Kila noti ilisimama peke yake kama mtu uwanjani. Valko akaichukua pole pole kuliko alivyozoea, maana hakukuwa na kitu cha kumbeba kutoka noti moja kwenda nyingine, ilibidi aende mwenyewe kwa mkono. Yavor alikunja uso. Alijua si hivi.

Wimbo ulipofika katikati, Dobra akaweka uma chini.

"Kuncho," alisema.

Kuncho akamgeukia. Mkewe alikuwa analia, waziwazi, bila kujifuta, machozi yanashuka hadi kwenye kola ya koti lake jeusi. Valko akaacha kupiga.

"Usiache," Dobra akamwambia. "Nakuomba, mkwe, usiache. Ni baba."

Hakuna aliyeelewa ila Kuncho, na sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Babake alikuwa mchungaji wa kondoo," alieleza. "Alikuwa na gadulka, kaichonga mwenyewe. Nyuzi tatu, basi. Zile za chini kwao hazikuwepo. Tulipomzika, tulimzika nayo."

"Kila mahali wanapopiga siku hizi inavuma, inavuma kama kanisa," alisema Dobra. "Nzuri, ndiyo. Lakini si yake. Sikudhani nitaisikia tena. Ralitsa, sikiliza mwanangu. Babu yako alipiga hivi. Hivi hivi."

Ralitsa akasogea akamkumbatia mamake. Valko aliwatazama wote wawili, akainamisha kichwa, akaanza upya kutoka mwanzo. Safari hii hakusita. Alipomaliza, Dobra aliomba tena, naye akapiga tena, na nyimbo nyingine za wachungaji ambazo Trayanka hakujua kama mumewe anazijua, mpaka jua likahamia upande wa pili wa mizabibu na Kuncho akawa anaimba, kwa bahati mbaya, kwa sauti yake yote.

Jioni vijana waliwapeleka wageni kuiona bahari. Trayanka alikusanya vyombo, akaviacha jikoni, akarudi uani. Valko alikuwa bado kwenye kigoda. Gadulka ilikuwa imelala mapajani, na mkononi alishika koleo la Trayanka, lile lile la kuchomolea ndoana.

"Valko," alianza, na sauti ikamkatika. "Mimi nilidhani ni pambo. Nilidhani hazifanyi kazi."

"Hm."

"Nilichukua mmoja tu. Halafu..."

"Tisa."

"Tisa." Akakaa chini kwenye ngazi, akalia kama mtoto, na aproni yake usoni. "Piga kelele basi! Sema kitu!"

Valko alifikiri. "Ungeniomba," alisema.

"Ungenipa?"

"Ningekataa." Akalegeza kigingi kidogo kwa uangalifu. "Tungegombana siku mbili. Halafu ningekupa."

Trayanka akacheka ndani ya machozi. Ndipo alipoona anachofanya. Valko alikuwa amechomoa mmoja kati ya zile nyuzi mbili zilizobaki, na sasa alikuwa anauchomoa wa pili. Akazizungusha taratibu kwenye vidole vyake, akafanya kipete, akampa.

"Za nini tena? Wageni wameshakula! Tutakwenda Burgas, yule fundi akirudi kutoka zabibuni, nitakununulia zote kumi na moja, nitaziweka mwenyewe..."

"Hizi mbili zilikuwa zinavuma peke yao," alisema Valko, "kama nzi kwenye chupa. Wakati napiga nilizisikia." Akaipangusa gadulka kwa mkono wa shati lake jeupe, akainuka kwenda kuitundika. "Dobra kasema watarudi Krismasi. Akija, aikute hivi."